Barua ya wazi kwa wakuu wa elimu Uganda: Mwanafunzi wa Kiswahili haji darasani mikono mitupu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Michezo,
Kwa Mkurugenzi wa Kituo cha Taifa cha Uendelezaji wa Mitaala,
Kwa wakuu wa vyuo vinavyoandaa walimu wa Kiswahili nchini Uganda,

Salaam nyingi, waheshimiwa.

Nawaandikia nikiwa mwalimu wa Kiswahili niliyefundisha Buganda kwanza, kisha Acholi. Sina ugomvi na uamuzi wa kukifanya Kiswahili kuwa somo la lazima. Naufurahia. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, mtaala mpya wa sekondari wa mwaka 2020 ukakiweka miongoni mwa masomo ya lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kwa hiyo mjadala wa kama kifundishwe au kisifundishwe umekwisha. Uliobaki ni wa namna ya kukifundisha, na hapo ndipo nina neno.

Neno lenyewe ni hili: kwa mtoto wa Uganda, Kiswahili ni lugha ya tatu, ila tunamfundisha kana kwamba ni ya pili, na kana kwamba ya kwanza ni Kiingereza. Lugha aliyonyonya kwa mama yake tunaiacha nje ya mlango, na katika shule nyingine tunamwadhibu akiingia nayo.

Naomba mnivumilie niwaonyeshe jambo hili ndani ya daftari, maana likibaki juu juu halina uzito.

Mtoto wa kidato cha kwanza karibu na Masaka anaandika: "Kitabu yangu imeanguka." Mwalimu anazungushia duara jekundu na kuandika pembeni "athari ya lugha mama". Hukumu hiyo tumeizoea mno, na hapa si ya haki hata kidogo. Mtoto huyo akiongea Kiganda husema "ekitabo kyange kigudde". Vikiwa vingi husema "ebitabo byange bigudde". Hajawahi hata siku moja, tangu ajue kusema, kukosea akasema "ekitabo yange". Upatanisho wa kisarufi, ambao Mzungu hujifunza Kiswahili miaka na bado ukamtoa jasho, mtoto huyu anao kamili kabla hajafikisha umri wa kwenda shule. "Kyange" na "changu", "byange" na "vyangu", "ennyumba yange" na "nyumba yangu": ni ndugu wa tumbo moja. Lugha mama ingemwokoa. Basi kosa limetoka wapi?

Limetoka kwenye namna tulivyomfundisha. Kitabu alichopewa kilimwambia, kwa Kiingereza, kwamba "my" ya Kiingereza kwa Kiswahili ni "yangu". Kiingereza kina neno moja tu kwa kazi hiyo, liwe la kitabu, mti, nyumba au mtoto, na mwanafunzi akabeba moja kwa moja. Redio na muziki navyo vina sehemu yake, kwa kuwa Kiswahili anachokisikia mtaani mara nyingi kimeshapoteza ngeli. Ila hakuna mtu aliyemwambia: tazama, hili ulilonalo kwenu ndilo hili hili. Neno hilo moja, likisemwa wiki ya kwanza, lina kazi kubwa kuliko kurasa kumi za majedwali ya ngeli.

Mfano wa pili ni wa yambwa, yaani mtendwa katika sentensi. Wanafunzi wengi huandika "ninapenda yeye". Hicho ni Kiingereza kilichovaa maneno ya Kiswahili. Kiganda husema "mmwagala", mtendaji na mtendwa wote ndani ya kitenzi, sawasawa na "ninampenda". Mtoto ana umbo tayari kichwani, nasi tunamzungusha Ulaya ndipo tumrudishe nyumbani.

Au chukua saa. Nimeona walimu wakitumia kipindi kizima kuchora saa mbili ubaoni, ya Kiingereza na ya Kiswahili, na kuwafundisha watoto kutoa au kujumlisha sita. Huko Buganda nyumba nzima husema "ssaawa bbiri ez'oku makya", yaani saa mbili asubuhi, na hakuna anayejumlisha kitu. Kipindi kile kingetumika kwa jambo lingine.

Wataalamu wa ujifunzaji wa lugha ya tatu wamelichunguza suala hili kwa miaka mingi, hasa Ulaya. Mwaka 2001 Jasone Cenoz alichapisha utafiti wa wanafunzi wa nchi ya Wabaski, wenye Kibaski na Kihispania, waliokuwa wakijifunza Kiingereza. Walipokwama, walichota zaidi kwenye Kihispania, ambacho kiko karibu zaidi na Kiingereza kuliko Kibaski. Mwaka 2007 Camilla Bardel na Ylva Falk wakaonyesha upande mwingine: wanafunzi wao waliokuwa wakijifunza Kiswidi au Kiholanzi waliweka neno la kukanusha mahali ambapo lugha yao ya pili ingeliweka, hata pale ambapo lugha yao ya kwanza ingewaelekeza vizuri zaidi. Jason Rothman naye amejenga hoja kwamba akili ya mwanafunzi huegemea lugha inayofanana zaidi kimuundo na ile mpya, iwe ya kwanza au ya pili. Hawajakubaliana, na sidhani darasa la Masaka linapaswa kuwasubiri wakubaliane. Wote wanakiri jambo moja: mwanafunzi wa lugha ya tatu anachota kwenye visima viwili. Kwa niliyoyaona madarasani, kisima anachochota zaidi ni kile ambacho mwalimu amekifungua. Ukieleza Kiswahili kwa Kiingereza tu, utavuna Kiswahili cha Kiingereza, hata kutoka kwa mtoto wa Kibantu.

Sisemi kwamba lugha ya kwanza ni malaika. Mwalimu anayeifahamu atajua pia pale inapomkwamisha mtoto, naye atatenga muda kwa ajili ya hapo. Kiganda hukanusha nafsi ya kwanza kwa "si", kama Kiswahili, lakini hakibadilishi irabu ya mwisho: "sisoma". Kwa hiyo mwanafunzi wa Buganda ataandika "sisoma kitabu" badala ya "sisomi", na ataendelea kufanya hivyo hadi kidato cha nne ikiwa hajaonyeshwa kwamba Kiswahili kinataka "i" mwishoni. Anaona nusu ya kwanza inafanana na ya kwao, anaamini na nusu ya pili ni hiyo hiyo. Vivyo hivyo "okuwa" ya Kiganda ni kupa, si kuwa, na "okuzina" ni kucheza ngoma, neno ambalo ni afadhali mtoto aonywe mapema kabla hajasimama mbele ya watu wa pwani kueleza alichokifanya harusini.

Kosa gumu kuliko yote nililopambana nalo ni "mimi niko mwanafunzi". Kwa muda mrefu nilijiuliza kwa nini haling'oki. Sababu yake iko wazi ukiziweka lugha tatu pamoja. Kiingereza kina kitenzi kimoja cha "mimi ni mwanafunzi" na cha "mimi niko hapa". Kiganda nacho kina kimoja: "ndi muyizi", "ndi wano". Kiswahili peke yake kinatenganisha "ni" na "niko". Lugha mbili anazozijua mtoto zimeungana dhidi ya ile ya tatu, na hapo hakuna wa kumsaidia isipokuwa mwalimu. Mtaala unaojua hili ungelipa somo hilo vipindi vingi na kulirudia kila muhula. Unaolichukulia kama pointi ndogo katika mada ya "kujitambulisha" unaliacha liote mizizi.

Kwenye matamshi mambo hugeuka. Kiganda cha asili hakina "sh" wala "h" kama za Kiswahili, na "r" yake hutokea tu baada ya "e" au "i", kwingine ni "l". Ndiyo maana barua ikawa "ebbaluwa" na sukari ikawa "ssukaali" zilipoingia Kiganda, na ndiyo maana mwanafunzi husema "habali" na "mbiri" kwa moyo mweupe kabisa. Sasa hapo Kiingereza ndicho cha kumsaidia. Mtoto aliyejifunza kutamka Kiingereza tangu shule ya msingi ana "sh" na "h" tayari, na akiwa amefundishwa vizuri ana hata "th" na "dh" za "thamani" na "dhahabu", sauti ambazo Wabantu wengi wa bara huzigeuza kuwa "s" na "z". Mwalimu mwerevu atamwambia: sarufi tumia ya kwenu, sauti hizi chukua za Kiingereza. Kila lugha ilete ilicho nacho.

Nami nikahamia kaskazini, na huko karibu kila nilichokuwa nikikitegemea hakikufaa.

Kiacholi ni lugha ya Kiniloti. Hakina ngeli kama za Kibantu. "Kitabu changu", "mti wangu", "nyumba yangu", hizo tofauti kwa mtoto wa Gulu hazina mantiki anayoweza kuiona, na kumwambia "ni kama kwenu" ni kumdanganya. Kiongozi cha mwalimu kilichotungwa kwa kumfikiria mtoto wa Kibantu kinamtupa nje, na kile kilichotungwa kwa kumfikiria msomaji wa Kiingereza hakimsaidii zaidi. Matokeo yake nimewahi kusikia watu wazima wenye vyeo wakisema kwamba watoto wa kaskazini hawana kipaji cha Kiswahili. Maneno hayo yaliniuma, na si kweli.

Mtoto wa Acholi ana vya kwake. Mtoto kwa Kiacholi ni "latin", watoto ni "lutino". Mwalimu ni "lapwony", walimu ni "lupwonye". Kiambishi cha mbele kinabadilika kuonyesha mmoja au wengi, na kinahusu watu. Hapo ndipo pa kuingilia "mtoto, watoto" na "mwalimu, walimu". Halafu mtu mwema ni "dano maber", na watu wema ni "jo mabeco": sifa inakuja baada ya nomino, kama Kiswahili, tofauti na Kiingereza, na sifa yenyewe inabadilika wanapokuwa wengi. Mbegu ya upatanisho ipo. Nilipoanza kuiandika ubaoni, upande mmoja "dano maber, jo mabeco", upande wa pili "mtu mwema, watu wema", darasa lilinyamaza kidogo, kisha msichana mmoja wa dawati la nyuma akauliza: "Basi 'vitu' nayo inabadilishaje?" Lilikuwa swali la ngeli, limetoka kinywani mwa mtoto asiye na ngeli nyumbani kwao, na alifika hapo kwa kupitia lugha yake.

Kwa mtoto huyo, ngeli ya M-WA inastahili muda mrefu mwanzoni, mpaka ikae, kabla ya kumwaga nyingine zote. Kwa mtoto wa Masaka, unaweza kuzipitia ngeli kwa haraka sana na kuweka nguvu kwenye "sisomi" na kwenye "ni" na "niko". Somo ni lile lile, mtihani ni ule ule, lakini mpangilio wa safari hauwezi kuwa mmoja. Sauti pia: Kiacholi cha asili hakina "s", ndiyo maana shule ikaitwa "cukul" na saa ikawa "cawa". Mtoto wa leo ameipata "s" kupitia Kiingereza, kwa hiyo mwalimu asipoteze muda kumfundisha kitu alichokwisha kukipata.

Sijagusa Magharibi, ambako Kinyankole kina "sh" yake yenyewe, kusoma kwao ni "okushoma", lakini "r" imetawala hata mahali pa "l". Sijagusa Kiteso wala Kikaramojong. Na Arua, kwa Walugbara, ambako lugha ya kwanza ni ya kundi la Sudani ya Kati na ambako biashara na Kongo imekifikisha Kiswahili sokoni tangu zamani, kuna mazingira ya aina yake ambayo walimu wa huko watayaeleza vizuri kuliko mimi.

Waheshimiwa, najua majibu yatakayokuja. La kwanza ni kwamba lugha za Uganda ni nyingi mno. Ni kweli ni nyingi, lakini kwa shughuli hii hazihitaji kila moja kitabu chake. Kiganda na Kisoga zinaweza kutembea pamoja. Kinyankole, Kikiga, Kinyoro na Kitooro pamoja. Kiacholi, Kilango na Kialur pamoja. Kiteso na Kikaramojong pamoja, na Kilugbara na Kimadi pamoja. Hiyo ni miongozo mitano kwa kuanzia, kila mmoja wa kurasa chache, wa kumwambia mwalimu: hapa lugha ya watoto wako inakusaidia, hapa itakukwaza, hapa tumia Kiingereza. Nyingine zitafuata.

La pili ni Kampala, ambako darasa moja lina watoto wa kila pembe. Huko ndiko njia hii huleta uhai zaidi. Mwalimu anauliza: "Kwenu mnasemaje?" Majibu matano yanaandikwa ubaoni, na watoto wenyewe wanaona ni lugha gani inakaribia Kiswahili katika jambo lile na ni ipi iko mbali. Mwalimu hahitaji kuzijua zote. Anahitaji kuruhusiwa kuuliza.

Nasema kuruhusiwa kwa sababu katika baadhi ya shule bado kuna kibao kinachovishwa shingoni mtoto aliyekamatwa akiongea lugha ya nyumbani. Adhabu hiyo ilinuiwa kulinda Kiingereza. Leo inakiumiza na Kiswahili, kwa kuwa inamfundisha mtoto kukificha kile kile anachokihitaji ili kuifikia lugha ya tatu. Inapingana pia na mtaala wenu wenyewe wa mwaka 2007, uliosema mtoto aanze kusoma kwa lugha ya eneo lake katika madarasa matatu ya mwanzo. Tulimfungulia mlango darasa la kwanza, kisha tukaufunga bila kuufungua tena.

Kuna jambo la tatu ambalo halisemwi kwa sauti katika mikutano, nalo ni hofu ya zamani. Gavana William Gowers alipotaka Kiswahili kitumike zaidi katika elimu na utawala, mwaka 1927, Buganda haikukubali, na Kabaka Daudi Chwa aliandika kupinga. Moja ya hofu ilikuwa kwamba Kiswahili kingekuja kukizika Kiganda. Baadaye wazee wengi walikisikia Kiswahili kutoka vinywani mwa wanajeshi, katika miaka ambayo sina haja ya kuwakumbusha, na chuki ile haijaisha yote. Mzazi wa namna hiyo hatashawishika kwa hotuba kuhusu Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini mwanawe akirudi nyumbani jioni akamwambia kwamba leo wamejifunza Kiswahili kwa kupitia Kiganda, kwamba mwalimu aliandika "ebitabo byange" ubaoni kwa heshima, mzazi huyo atapata sababu ya kusikiliza.

Kwa hiyo naomba mambo haya. Kituo cha mitaala kiitishe walimu wa Kiswahili wanaofundisha sasa hivi, wawili watatu kutoka kila kundi la lugha nililolitaja, pamoja na wanaisimu wa Makerere na Kyambogo, waandike miongozo hiyo kwa kutumia makosa halisi ya wanafunzi wao. Itolewe bure kwa njia ya simu, kwa maana walimu wengi tayari wanasomea humo. Vyuo vya ualimu vimtake kila mwalimu wa Kiswahili, hata aliyetoka Kenya au Tanzania, ajifunze muundo wa lugha ya eneo atakalofundisha, angalau kiasi cha kuweza kulisoma kosa na kujua limetoka upande gani. Na Wizara itoe waraka kwa wakuu wa shule wote kwamba lugha ya nyumbani inaruhusiwa katika kipindi cha Kiswahili na kwamba kibao cha shingoni kikome.

Waraka huo wa mwisho hauhitaji bajeti, na unaweza kutoka kabla ya muhula ujao. Kuhusu miongozo, sisi walimu tunayo madaftari. Naanza kukusanya makosa ya wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza na cha pili, nikiyapanga kwa chanzo chake, na nawaomba walimu wenzangu wanaosoma barua hii wafanye vivyo hivyo katika maeneo yao, ili siku mtakapotuita tuwe na cha kuweka mezani.

Wenu katika kazi,
Mwalimu wa Kiswahili, Uganda